Neno Lenye Moto Tumboni

Dongguan, 6 Machi 1994

Baba, shikamoo.

Miguu ya Mama inaendeleaje na baridi hii isiyotaka kuondoka? Mimi sijambo, ila chakula cha huku hakina pilipili hata ya kudanganyia ulimi.

Nina habari. Nimetolewa kwenye cherehani. Msimamizi wetu, Kuang, alitukusanya wasichana wote wa kiwanda akauliza nani anajua Kiingereza, maana mapipa ya gundi ya viatu yanatoka Hong Kong na hakuna anayeweza kusoma maandishi yake. Nikanyoosha mkono kabla sijafikiri. Sasa niko stoo. Nasoma, nayaandika kwa Kichina kwenye kikaratasi, nabandika. Caiping, yule msichana wa Guangxi anayelala kitanda cha chini ya changu, hunitania: "Mwalimu Mdogo, hebu nisomee na kiganja, nitaolewa lini?"

Kila siku najifunza maneno mapya ishirini. Nimeyabandika ukutani usawa wa mto, nikifumbua macho ndiyo ya kwanza kuyaona. Lakini Baba, kuna jambo linanitesa. Neno moja moja nalijua. Yakisimama mstari mmoja yananigeuka, kama vile hatujawahi kuonana. Nifanyeje?

Binti yako,
Suqiu


Longtan, 22 Machi 1994

Mwanangu Suqiu, marahaba.

Miguu ya mama yako imevimba tena, lakini mdomo wake ni mzima kabisa. Amenituma nikuambie uvae soksi.

Barua yako niliisomea darasa zima. Niseme nini? Nilivimba kifua.

Usihangaike na mstari. Mstari utakuja wenyewe ukishakuwa na maneno. Na neno usilolijua, lipasue. Kichwa chake ndicho kinachokuonyesha njia. Likianza na "un", linakataa. Likianza na "in", linakataa. Ukishajua kichwa na tumbo, umelijua lote, wala huna haja ya kukimbilia kamusi kila dakika kama mtu asiyejiamini. Ndivyo ninavyofundisha huu mwaka wa kumi na tisa.

Mwezi wa Juni wakaguzi wa wilaya watakuja kusikiliza somo langu. Wakiridhika, jina langu litaingia kwenye orodha ya walimu wa serikali, nami niache kuwa mwalimu wa kijiji anayeweza kuambiwa kesho usije. Shule tano zimeshanakili daftari langu la vichwa vya maneno. Mama yako ameanza kulifua koti langu tangu sasa.

Baba yako


Dongguan, 9 Aprili 1994

Baba, shikamoo. Soksi nimevaa, mwambie Mama.

Naandika haraka kwa furaha. Jana yaliingia mapipa kumi na manne ya dawa mpya ya kulainishia gundi. Juu ya kila pipa kuna neno refu kwa herufi kubwa, INFLAMMABLE, sijawahi kuliona. Nikalipasua kama ulivyonifundisha. Tumboni kuna moto, kuwaka. Kichwani "in". Basi: haiwaki! Sikumuuliza mtu. Nilicheka peke yangu humo stoo.

Kuang aliniuliza, "Una hakika?" Nikamjibu, "Baba yangu ni mwalimu." Mapipa yakatolewa banda la nje, yakawekwa chumba cha soli karibu na majiko ya kupashia soli, ili wasichana wasitembee mbali kwenda kuchota. Caiping anafanya kazi humo. Amesema miguu yake inanishukuru.

Binti yako,
Suqiu


Longtan, 17 Mei 1994

Mwanangu Suqiu, hujambo? Sisi wazima.

Wiki ya tano sasa hatujaona barua yako. Mama yako anasema umepata mchumba. Mimi nasema kazi zimekuzidi. Andika hata mstari mmoja utuamulie ugomvi.

Lile neno lako la pipa nimeliandika kwenye karatasi kubwa ya ukutani. Ndilo litakalokuwa mfano wangu mbele ya wakaguzi, tarehe 9 Juni. Wanafunzi wameshalikariri.

Baba yako


Dongguan, 28 Mei 1994

Baba, shikamoo. Mpe Mama salamu, lakini usimsomee barua hii.

Tarehe 21 Aprili, asubuhi, chumba cha soli kiliungua. Caiping alikuwa ameinama anachota ile dawa, cheche ikaruka kutoka kwenye jiko. Waliokuwa karibu na mlango walitoka. Yeye alikuwa ndani kabisa. Ameungua mikono yote miwili, shingo, na upande wa kushoto wa uso. Yu hai. Nikitoka kazini naenda hospitali kumlisha uji.

Alikuja fundi kutoka Hong Kong. Akasimama mbele ya pipa moja lililosalimika, akauliza nani alibandika kikaratasi cha "haiwaki". Nikasema mimi. Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Alisema, "Binti, neno hili maana yake huwaka upesi. Hiyo 'in' ya hapa haikatai kitu. Ni ya kuingia: kitu hiki kinaingia motoni mara moja." Kisha akanionyesha mstari mdogo chini yake. Ulisema: weka mbali na moto. Baba, maneno yote ya mstari ule nayajua tangu mwaka wa kwanza ulionifundisha. Sikufika huko. Nilishalifurahia neno la juu, nikaacha kusoma.

Siku ya kwanza Caiping alipoweza kuongea aliniuliza, "Si ulisema haiwaki?" Hajarudia tena.

Nami nakuuliza kitu kimoja. Neno hili lazima limo kwenye kamusi yako. Hukuwahi kuliona?

Suqiu


Longtan, 2 Julai 1994

Mwanangu Suqiu,

Sijui kama bado ninastahili kuitikia shikamoo yako. Mama yako nimemweleza yote, usimfiche tena. Aliuliza tu kama huyo Caiping ana mama.

Barua yako ilifika asubuhi ya tarehe 9 Juni. Tarishi alinikuta getini, koti nimeshavaa. Niliisoma nimesimama. Kisha nikaikunja nikaingia darasani. Wakaguzi wanne walikuwa wamekaa nyuma. Neno lilikuwa ukutani. Nikafundisha, Suqiu. Nililipasua neno lile mbele yao huku nikijua, na wanafunzi hamsini wakaitikia kwa sauti moja, "Haiwaki!" Wakaguzi wakapiga makofi.

Uliuliza habari ya kamusi. Nilipewa mwaka 1975 ikiwa imenyofolewa kurasa, tangu katikati ya H hadi mwisho wa K. Ukurasa wa neno hilo sikuwahi kuwa nao. Badala ya kusema sijui, nikatunga kanuni. Ilipatia mara nyingi, nikaacha kuiogopa.

Tarehe 20 nilikwenda wilayani nikamwambia mkaguzi mkuu. Akasema, "Mwalimu Nie, jina limeshaandikwa. Rudi nyumbani. Nani atajua?" Nikamwambia wanafunzi hamsini wanajua uongo. Jina limekatwa. Nimezunguka shule zote tano kwa miguu kuwaambia. Katika shule ya tatu, mwalimu kijana aliendelea kusahihisha madaftari mpaka nikamaliza kusema, wala hakuinua kichwa.

Darasani kwangu nilisema: nilikosea, na nilipojua nikakosea tena kwa makusudi. Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, na maneno mengine je?"



Niandikie. Hata matusi, niandikie.

Baba yako


Dongguan, 30 Agosti 1994

Baba, shikamoo. Itikia tu.

Siku nne nilikuwa na hasira, sikutaka hata kuigusa barua yako. Siwezi kusema imekwisha. Kuna saa naiona ile karatasi yako ya ukutani na mikono ya Caiping kwa pamoja. Lakini ulikwenda wilayani kwa miguu yako, nami hilo nimelisoma pia.

Mwezi uliopita Kuang aliniletea kurasa mbili za Kiingereza, za watu wa bima wa Hong Kong. "Weka sahihi hapa. Ni utaratibu tu, we msomi bwana." Nikamwambia aniachie. Nilinunua kamusi, na kabla ya kulipa nilihakikisha kurasa zake zote zipo. Siku tatu nilisoma. Kwanza neno kwa neno, halafu mstari kwa mstari, halafu nikarudi mwanzo. Karibu na mwisho iliandikwa kwamba mfanyakazi Wei Caiping alionywa kuhusu dawa hiyo, akapuuza. Kikaratasi changu hakikutajwa popote.

Nikampelekea Kuang. Akafunga mlango. "Nakuokoa, mjinga wewe! Unataka wakukamate wewe?"

"Hakuna aliyemwonya," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia haiwaki. Na wewe ndiye uliyeyahamisha mapipa."

Jioni nilimsomea Caiping kurasa zote mbili. Akasema, "Rudia. Polepole." Nikarudia. Sikuweka sahihi. Niliandika maelezo yangu mwenyewe, jina langu juu, nikampa yule fundi wa Hong Kong awapelekee watu wa bima. Kesho yake Kuang alinifukuza kazi. Sasa naosha vyombo kwenye mkahawa ng'ambo ya hospitali.

Wiki iliyopita jibu lao lilikuja. Matibabu ya Caiping yatalipwa, pamoja na upasuaji wa vidole vya mkono wa kulia. Daktari anasema huenda akaweza kushika kijiko. Sindano ya cherehani, hapana.

Kama amenisamehe sijui. Sijamuuliza, naye hajasema. Jana tu alisema, "Mama yangu anakuja kutoka kijijini. Hajui yaliyotokea, anadhani nimevunjika mguu. Mwambie wewe. Mimi sitaki kumdanganya, na sitaki jina lako litoke mdomoni mwangu."

Treni inafika kesho saa nne asubuhi. Ni mwanamke mfupi, amesema Caiping, atakuwa na koti la buluu, na hutembea upesi kuliko watu wote. Nitakuwa stesheni tangu saa tatu.

Binti yako,
Suqiu