Kufuli la Thuo

Huruma, Eldoret
Alhamisi, 14 Septemba 1989

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Joash,

Pokea salamu nyingi za mwanao Oketch, ambaye mwili wake ni mzima ingawa moyo umechoka. Natumaini barua hii itakukuta ukitembea bila fimbo, na kwamba lile goti limekubali kukunjika tena baada ya mvua. Mama naye anaendeleaje? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa, ama bado anatuchezea? Mke wangu Adongo anawasalimu. Mjukuu wako Aloo, ambaye wewe humwita mama yako kwa sababu amebeba jina la mama yako, ametimiza miaka mitatu na anaugombeza ulimwengu mzima. Juzi aliniamuru nivue viatu mlangoni. Nilivua.

Kabla hujaendelea, Baba, nina ombi. Najua barua zangu husomwa mbele ya nyumba nzima, majirani wakiwemo, na wewe huzisoma kwa sauti ya kanisani. Hii isome peke yako. Sikuipitisha posta. Nimempa Murunga, tunayefanya kazi naye, na ameahidi kuivaa ndani ya soksi mpaka kwako, kwa maana tangu mwezi wa saba barua za watu wa kiwanda chetu hufika zikiwa zimefunguliwa na kubandikwa tena. Ukimaliza, mweleze Mama polepole.

Unakumbuka niliwaandikia kwamba kiwanda cha nguo kinaleta mashine mpya za kufuma. Pamoja nazo kilikuja kisanduku cha chuma, si kikubwa kuliko Biblia yako, chenye matundu ya kuchomekea kebo. Kila mashine ina kebo yake inayofika kwenye kisanduku hicho, nacho hupeleka habari zote kwa kompyuta iliyo ofisini, ili meneja akiwa amekaa kitini mwake ajue ni mashine gani imesimama na kwa nini. Kazi ya kukifunga tulipewa watu wawili, mimi na Thuo.

Thuo ndiye fundi mkuu wa umeme. Ni mtu wa Timboroa, pale pale ulipofanya kazi ya reli miaka kumi na mmoja, na anasema marehemu baba yake aliwauzia viazi nyinyi watu wa stesheni. Mimi nilipoingia kiwandani sikujua kitu, nilijua maneno tu. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika bisibisi kama mtu mwenye akili. Ni mpole, lakini katika umeme ana ukali wa mwalimu wa hesabu. Kijitabu kilichokuja na kisanduku alinisomesha kwa sauti mara tatu, nami nikimtania kwamba ananitayarisha kwa kipaimara. Zima umeme kabla ya kugusa kitu. Funga kwanza waya wa kwenda ardhini, na siku ya kufungua uwe wa mwisho kutolewa. Acha nafasi ya kiganja kila upande ili chuma kipumue. Usichomoe wala kuchomeka waya wenye moto mahali penye vumbi linaloweza kushika cheche. Hapo kwenye vumbi alinionyesha juu. Kila boriti ya ukumbi wa kufumia ilikuwa imevaa manyoya ya pamba.

Kisha kuna makufuli, na hapa ndipo nataka unifuate vizuri. Kila fundi ana kufuli lake lenye jina lake. Ukienda kufanya kazi kwenye waya, unazima swichi kuu, unaifunga kwa kufuli lako na ufunguo unaingia nao mfukoni. Hata meneja akipiga kelele, umeme hauwashwi mpaka wewe mwenyewe utoke ufungue. Makufuli yalipoletwa, kila moja lilikuwa na funguo mbili. Thuo alizikusanya zile za pili zote, akazitupa ndani ya choo mbele ya macho yetu, akasema sasa kila mtu amebeba uhai wake mwenyewe. Nilikufikiria wewe siku hiyo, na ile tokeni ya reli uliyotueleza tukiwa wadogo, kwamba ni moja tu katika kipande kizima cha njia, na dereva asiyeishika mkononi hasogezi treni hata futi moja.

Kuna desturi nyingine ambayo haimo kwenye kijitabu chochote. Unajua baridi ya hapa. Kando ya swichi kuu kuna misumari, na fundi akiingia kazini huvua koti na kulitundika hapo, avae ovaroli. Kwa hiyo koti likiwa kwenye msumari, mwenyewe yuko ndani. Koti likiwa halipo, ametoka. Tumeishi hivyo miaka mingi na hakuna aliyewahi kudanganywa na msumari.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, tarehe ishirini na sita Julai. Mkubwa mmoja kutoka Nairobi alikuwa anakuja saa tano kufungua mashine mpya. Tangu alfajiri vijana wa chama walikuwa getini wakikagua kama kila mtu amevaa beji, kwaya ya wanawake ilikuwa uwanjani, na bendera zilikuwa hata kwenye mapipa ya rangi. Kisanduku kilikuwa bado hakijakamilika. Mimi nilimaliza kuvuta kebo upande wangu, nikaondoa kufuli langu, nikaenda ofisini kumsaidia Bwana Johnstone, msimamizi wetu, kuweka kompyuta sawa. Thuo alibaki na kazi moja tu, kufunga waya wa ardhini na waya za kuleta umeme kwenye kisanduku. Kufuli lake peke yake ndilo lililobaki kwenye swichi.

Saa nne na dakika kumi umeme uliwashwa.

Thuo alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la chuma, waya mkononi. Nilisikia mlio kama wa gunia la mahindi linaloanguka sakafuni, kisha nikaona moto ukikimbia kwenye manyoya ya pamba juu ya boriti, upesi kuliko mtu. Tuliuzima kwa mchanga na mablanketi. Nje kwaya ilikuwa bado inaimba. Gari la mkubwa lilifika getini, likageuzwa, likaondoka. Thuo walimtoa kwa machela, mkono wa kulia ukiwa mweusi mpaka kwenye kiwiko, macho wazi, akiuliza kama kuna mwingine aliyeumia.

Baba, miaka hii moto ukiwaka siku ya mgeni wa serikali haiwi ajali. Mchana huo huo watu wa usalama walikuwa wamejaa kiwandani. Waliliangalia kufuli la Thuo. Lilikuwa limefunguliwa, halikuvunjwa wala kukwaruzwa. Wakauliza lina funguo ngapi, na sote tukajibu kwamba ni mmoja tu, mwingine ulitupwa na mwenyewe. Wakaupekua mfuko wa ovaroli yake hospitalini, wakakuta ufunguo. Basi, kwao mambo yakaisha hapo. Aliyefungua ni Thuo, aliyewasha ni Thuo, na kama ameungua ni kwa sababu hila yake ilimrudia. Kilichobaki ni kuuliza nani alimtuma. Walimkamata hata ndugu yake Kinyanjui, ambaye hajui tofauti ya waya na kamba, wakamweka siku tisa.

Yuko katika hospitali ya misheni kule Plateau, askari mlangoni. Vidole viwili vimekatwa. Jumatatu hii anapelekwa kortini kwa kosa la kuhujumu kiwanda, na mimi nimeitwa shahidi wa upande wa serikali.

Nilienda kumwona wiki iliyopita. Mke wake Mwihaki alikuwa hapo, akimlisha uji kwa kijiko. Thuo aliniuliza kwanza homa ya Aloo iliishaje. Nikamwambia iliisha. Kisha akamwomba Mwihaki atoke kidogo, akanieleza jambo lililonivunja mifupa. Alisema amelala na kufikiri wiki sita, na kwa kuwa ufunguo ulikuwa mmoja na ulikuwa mfukoni mwake, hakuna njia nyingine, ni lazima yeye mwenyewe alifungua akasahau. Alisema anaogopa akili yake. Aliniuliza mimi, mwanafunzi wake, kama nimewahi kumwona akisahau kitu. Nikamjibu kwamba mtu yeyote anaweza kusahau.

Hilo nililisema kwa mdomo wangu. Sasa nisikilize, Baba, nitalitoa lote kabla sijapata woga.

Ufunguo haukuwa mmoja. Mwezi wa tano Thuo alienda Timboroa kwenye mazishi, akasahau kufuli lake kwenye swichi na ufunguo akaenda nao. Upande mmoja wa kiwanda ulilala mpaka alasiri aliporudi, na Bwana Johnstone akatukanwa na meneja kama mtoto. Baadaye Johnstone akaniita kando, akaniambia nimtengenezee ufunguo wa pili wa kufuli hilo, wa dharura tu, na Thuo asijue kwa sababu atapiga makelele. Nilipenda kuonekana mtu wa kutegemewa. Thuo alipokuwa akioga, nilitoa ufunguo wake kwenye ovaroli, nikaugandamiza kwenye kipande cha sabuni, na fundi wa jua kali hapa Huruma akanichongea mwingine. Uliingia vizuri kama ule wa kwanza.

Jumatano ile mgeni alikuwa amebakiza muda mfupi. Mimi nilikuwa nimeshatoka ofisini kurudi kwenye swichi, na Johnstone alinifuata mbio, jasho likimtoka kwa baridi ile, akaniuliza Thuo yuko wapi. Sikwenda kwenye kabati kumtazama, Baba. Ni hatua arobaini tu, nimezihesabu baadaye. Niliangalia msumari. Koti halikuwepo. Nikasema ametoka. Johnstone akasema nitoe ule ufunguo. Nikautoa, nikafungua kufuli la mtu mwingine, nikaisukuma swichi juu kwa mkono huu ninaoandikia.

Nilijidanganya kwa saa chache kwamba msumari ndio uliokosea. Niliporudi nyumbani jioni, jua likiwa bado lipo, nilimkuta Aloo amelala kitandani amefunikwa koti la Thuo. Adongo akanieleza kwamba asubuhi homa ya mtoto ilipanda, akaja naye getini kunitafuta, akazuiwa na vijana wa chama kwa kukosa beji. Mvua ilikuwa inanyesha. Thuo aliwaona kutoka ndani, akachukua koti lake msumarini, akatoka akamfunika mtoto, akawaambia wakimbie hospitali na kwamba yeye ataniambia. Kisha akarudi kazini kupitia mlango wa nyuma, bila koti. Hakupata nafasi ya kuniambia.

Nililia, sikuficha. Lakini kulia hakukunizuia kufanya la pili. Kesho yake Johnstone alinieleza kwamba wakijua, tutafungwa wote wawili, na Thuo hatapona kwa sababu sisi tumefungwa. Nikaandikisha kwa watu wa usalama kwamba nilimwona Thuo peke yake karibu na swichi. Nikatia sahihi. Zile habari mlizopata kwa Wanyama, mwenzetu wa kiwandani aliyepita huko nyumbani, kwamba nimepandishwa cheo, ni za kweli: nimekalia kiti cha Thuo, na wanafunzi ninawasomesha kijitabu kile kile. Wanyama alisema Mama aliimba. Tafadhali mwambie aache kuimba.

Nimekuwa nikikufikiria sana. Nilikuwa darasa la tano ule mwaka bwana stesheni alipokuamuru pale Timboroa uiachie treni ya mizigo ipite bila tokeni, kwa sababu wakubwa walikuwa na haraka na ukungu ulikuwa mzito. Ulikataa. Wakakuhamisha mpaka stesheni isiyokuwa hata na duka, nami nikakukasirikia mwaka mzima kwa sababu niliacha marafiki zangu. Sikuwahi kukuambia kwamba nilikuona mjinga. Nakuambia leo, na naomba unisamehe. Ni mimi niliyemwachia dereva treni bila tokeni, na mwenye kuumia alikuwa njiani.

Jumatatu nitasimama kortini na kueleza kama nilivyokueleza. Ufunguo ninao. Nitaomba lile kufuli liletwe, nilifungue mbele yao, ili wasiseme nimenunuliwa. Sijui watanifanya nini. Johnstone ameshaanza kunitazama kwa jicho la pembeni, na juzi mtu nisiyemjua alimwuliza mwenye nyumba wetu ninarudi saa ngapi. Ninaogopa, Baba. Lakini siwezi kumwacha yule mzee apoteze mkono na akili pamoja, ilhali akili yake haikukosa kitu.

Ndiyo maana Adongo na Aloo wanakuja na Murunga, pamoja na barua hii. Adongo anajua yote, na ndiye aliyesema niandike. Wapokeeni. Msimwulize mbele za watu. Kama nikikawia, mjukuu wako aanze shule pale kwa walimu wetu wa zamani, na mfundisheni kuvua viatu yeye mwenyewe kabla ya kuwaamuru wengine.

Nisalimie Mama, mwambie nampenda. Nisalimie majirani wote walionizoea katika barua zangu, na waambie hii ilikuwa ya mambo ya kazi. Jambo la mwisho: msishangae Aloo akikataa kulala siku za kwanza na kulilia blanketi lake. Ni lile koti analolililia, amelizoea. Safari hii nimebaki nalo, kwa sababu Jumatatu kutakuwa na baridi, na mwenyewe kwa mkono ule hawezi kulivaa peke yake.

Ni mimi mwanao,
Oketch Joash