Milango Sitini na Mitatu

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu na watoto. Natumaini mgongo wako umetulia, na kwamba yule daktari aliyekukataza kubeba mbao peke yako umemsikiliza, ingawa nakujua, utakuwa umemsikiliza kwa sikio moja. Mimi ni mzima kabisa. Nakula, nalala, na kile kikohozi cha mwezi uliopita kimeniaga chenyewe bila dawa.

Barua yako nimeipata. Nimesoma kwamba umeshazungumza na mwalimu mkuu wa shule ya hapo jirani, na kwamba nafasi ya kufundisha hesabu inanisubiri nikimaliza tu chuo. Ahsante sana, kaka. Nimeirudia barua hiyo mara tatu, na kila mara nilijisikia vibaya kuliko mara iliyotangulia. Utajua sababu ukifika mwisho. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu, kwa kuwa wewe kwenye simu hukata kabla mtu hajamaliza, lakini barua haikatiki. Nakuomba uisome yote, hata pale mkono utakapokuwasha kuichana. Kinachonitia hofu ni kukosa radhi zako tu. Mengine yote nimeshayazoea.

Nianze na mradi, maana uliniuliza kwa nini sikuja likizo. Chuo chetu kinamtaka kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akatumikie watu nje ya chuo kwa wiki kumi. Ni somo kamili lenye alama zake, ukilikosa huhitimu. Wanatuchanganya makusudi, kila kundi na watu wa fani mbalimbali, ili tuache kudhani kwamba dunia inaanzia na kuishia kwenye fani zetu. Kundi letu lilikuwa la watu watano: wauguzi wawili, mmoja wa sheria ambaye hawezi kusema ndiyo bila kuanza na kwa mujibu wa, mmoja wa ustawi wa jamii, na mpimaji wa ardhi.

Najua usivyowapenda watu wa aina hiyo ya mwisho. Nyumbani kwako neno mpimaji hutajwa kwa sauti ile ile ya kutajia wezi. Vuta pumzi kwanza, kaka, maana huyu mpimaji atatajwa sana.

Tulipangiwa zahanati moja iliyo kandokando ya mtaa wa nyumba zilizobanana, kama mia nne hivi, vichochoro havina majina na milango haina namba. Muuguzi mkuu wa pale ni mama mnene mwenye sauti ya kutangaza mpira, na alituambia waziwazi kwamba hahitaji wanafunzi wa kumfagilia uwanja. Alieleza kwamba mara mbili mwaka huu gari la wagonjwa limeingia mtaani, likazunguka, likatoka tupu kwa kutoiona nyumba. Mara ya pili mama mmoja alijifungulia uani huku dereva akiwauliza njia watu wasiojua anamtafuta nani. Alichotaka ni kitu kimoja tu: kila nyumba iwe na namba, na zahanati iwe na ramani.

Kazi hiyo, bila shaka, ikamwangukia mpimaji wetu, naye aliipokea kwa mikono miwili. Ni mtu wa kujiamini sana. Hutembea na utepe wa kupimia mfukoni kama wengine wanavyotembea na kitana. Kwa wiki tatu alitukimbiza vichochoroni, huyu ashike ncha, yule aandike, wa sheria apishe njia. Ramani ikachorwa kwenye chumba cha nyuma cha zahanati, juu ya meza ya kupimia watoto uzito, na ilikuwa safi kiasi kwamba mhadhiri wetu aliipiga picha akawaonyeshe wenzake.

Baadaye tukafika kwenye rangi. Mmoja wa wauguzi alipendekeza bluu. Mpimaji wetu akasema hapana, kitabu kinasema nyekundu ndiyo inayoonekana mbali, na tena kila namba izungushiwe duara ili dereva asiikose. Hakuna aliyebisha. Tulikata maumbo ya namba kwenye karatasi ngumu, tukaingia mtaani asubuhi, na hadi alasiri tulikuwa tumepiga namba milango sitini na mitatu. Watoto walitufuata wakiimba hesabu. Wakubwa walitazama tu, wala hakuna aliyetukataza. Sisi tukajipongeza kwamba watu wameridhika, tukasahau kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kesho yake tulirudi kuendelea na wa sitini na nne. Kaka, sijui nikuelezeje. Mlango namba tatu ulikuwa umesuguliwa kwa msasa hadi mbao ikawa nyeupe. Namba tisa ulinuka mafuta ya taa, rangi imesambaa kama kidonda. Kumi na saba haukuwepo kabisa. Wenyewe walikuwa wameung'oa na bawaba zake wakaupeleka kwa ndugu, wakatundika shuka. Wewe seremala unaelewa, mlango mzuri si kitu cha kumwachia tingatinga.

Namba ishirini na nne anakaa fundi cherehani mmoja, mama wa makamo ya juu, ambaye mtaa mzima unamwita Bi Pindo kwa kuwa hawezi kukuona umevaa nguo iliyofumuka pindo akakuacha upite. Tulimkuta barazani. Kichwa cha cherehani amekifungua kutoka kwenye meza yake na kukifunga blanketi. Mbele yake kulikuwa na vitambaa vya wateja, vingine ameshavikata lakini hajavishona, na kila kimoja alikuwa akikikunja pamoja na karatasi ya vipimo vya mwenyewe ili mteja akikabidhiwa aweze kumpa fundi mwingine. Hakutufokea. Alituambia tusihangaike kumweleza, kazi yetu anaifahamu. Alitaka kujua jambo moja tu, amepewa siku ngapi. Maana mara ya kwanza, alisema, alipewa saba, na mara ya pili alipewa tatu, na mkokoteni ameshauagiza kwa Jumamosi, hivyo akaomba kama inawezekana tusije kabla ya hapo.

Wa sheria ndiye aliyeelewa kwanza, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alisema jambo bila kuanza na kwa mujibu wa. Nyekundu, kaka. Duara. Wale watu walikuwa wameshabomolewa kwingine kabla ya kuja pale, na kila mara ilianza hivyo hivyo, vijana wenye utepe na kopo la rangi nyekundu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tulikuwa tumemwagia mtaa mzima ung'ongo.

Mpimaji wetu akataka kurekebisha, ndipo akaharibu kabisa. Alitoa ramani amwonyeshe Bi Pindo kwamba ni ya zahanati. Jirani aliyekuwa akipita akaiona, akapiga kelele kwamba wana ramani tayari, na kufumba na kufumbua tulikuwa tumezungukwa. Aliyetutoa ni muuguzi mkuu, kwa ile sauti yake ya mpira.

Mhadhiri alipopata habari alituhurumia. Alisema maji yakishamwagika hayazoleki, twende tukafute rangi, tuombe msamaha, tuandike ripoti ya yaliyotokea. Ramani ilikuwa nzuri, alama tungepata. Wenzangu walikubali, nami siwalaumu. Mpimaji akakataa. Alisema ripoti haitamshusha Bi Pindo kwenye mkokoteni, na kwamba Jumamosi ilikuwa imebaki siku nne.

Siku hizo nne mpimaji alikwenda kila asubuhi kukaa kwenye baraza ile, bila utepe. Siku ya kwanza Bi Pindo alikunja vitambaa vyake kana kwamba hapakuwa na mtu. Siku ya pili alimpa sindano atungie uzi, maana macho yake yamechoka. Siku ya tatu mpimaji alimweleza habari fulani ya maisha yake, habari ambayo hakuwahi kumwambia mtu yeyote pale chuoni, na Bi Pindo akaacha kukunja. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamwuliza, kama nyumba yake ikiwa kwenye karatasi ya zahanati, karatasi hiyo itazuia tingatinga? Mpimaji alimjibu kweli tupu: hapana, haizuii. Ila hakuna atakayeweza kusema kwamba hapa hapakuwa na mtu. Bi Pindo akasema basi namba atajiwekea mwenyewe, na si kwa rangi. Alichukua uzi wa manjano akadarizi ishirini na nne kwenye pazia la mlangoni. Alisema namba anayoweza kuifumua mwenyewe siyo hukumu.

Jumamosi mkokoteni ulikuja ukarudi mtupu. Cherehani ilirudi mezani.

Hapo ndipo kazi ilipoanza upya, kwa masharti ya Bi Pindo. Mwanafunzi asiguse mlango wa mtu. Kila nyumba ipewe namba yake, iiweke inavyotaka, kwa rangi yoyote isiyokuwa nyekundu. Kuna walioandika kwa chokaa, kuna aliyepanga vizibo vya soda, na namba kumi na saba alirudisha mlango wake na kuchonga namba kwa patasi, kazi ambayo wewe ungeicheka lakini ungeiheshimu. Na ramani ikachorwa upya barazani kwa Bi Pindo, wenyewe wakitusahihisha, kwani ile ya kwanza iliyopigwa picha ilikuwa imeruka vyumba kumi na kimoja vya uani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tulimaliza wiki tano baada ya muda, na ndiyo likizo yangu ilipoishia. Wiki iliyopita mtoto wa nyumba mia mbili na kumi na mbili alibanwa na pumu, na gari la wagonjwa lilimfikia bila kuuliza njia. Muuguzi mkuu alitangaza habari hiyo hadi nadhani na ninyi huko mlisikia.

Sasa, kaka, keti.

Nilikuambia tulikuwa watano, nikakutajia watano: wauguzi wawili, wa sheria, wa ustawi wa jamii, na mpimaji. Hukujiuliza mwalimu wa hesabu yuko wapi? Hayupo. Hakuwahi kuwepo. Mpimaji ni mimi.

Wiki ya tatu ya mwaka wa kwanza nilikwenda ofisi ya usajili nikabadili kozi. Nimekudanganya miaka yote hii, kila ulipouliza masomo ya ualimu yanaendeleaje nikajibu yanaendelea vizuri. Wifi anajua tangu mwaka wa pili kwa sababu alikuta kitabu changu. Nilimsihi anyamaze, kwa hiyo usimgombeze yeye, nigombeze mimi.

Habari niliyomwambia Bi Pindo ni yetu, mimi na wewe. Nilikuwa na miaka minane. Ulinishika mkono tukaenda ile ofisi kudai, wiki moja baada ya nyumba aliyotuachia mama kulazwa chini. Karani akafungua ramani mezani akakuambia kwamba eneo lile ni tupu, hakuna makazi. Ukamwambia kwamba umesimama mbele yake, wewe na mdogo wako, sasa anakuambiaje hakuna mtu? Akagonga karatasi kwa kidole. Mimi meza ilinifika puani, nikaiona. Mto ulikuwepo, barabara ilikuwepo, na pale penye nyumba yetu palikuwa peupe. Wewe ulitoka ofisini ukiwachukia waliochora. Mimi nilitoka nikitaka kalamu.

Hilo la kozi sioni aibu nalo. Ninaloona aibu ni jingine, na hili sijamwambia hata Bi Pindo. Nyumba yetu ilipigwa alama nyekundu. Niliiona kila siku nikienda shule, na wewe uliisugua hadi vidole vikatoka damu. Na bado, kaka, mimi niliyeyaona yote hayo nilishika kopo la rangi nyekundu nikapiga milango sitini na mitatu ya watu, nikarudi jioni nikipiga mluzi. Miaka ya darasani ilinifundisha rangi gani huonekana mbali, ikanisahaulisha inaonekanaje kwa aliyeko ndani. Nilistahili kufukuzwa kwenye baraza ile kwa ufagio. Nilipewa sindano nitungie uzi.

Mahafali ni mwezi ujao, tarehe ishirini, na jina langu litasomwa chini ya idara ya upimaji wa ardhi. Mwambie mwalimu mkuu namshukuru na aitoe nafasi kwa mwingine. Kwako siombi ruhusa, kwa kuwa nimeshavuka mto. Naomba radhi zako, maana ndizo sijazipata. Ukiwa umekasirika, njoo na hasira zako, tutagombana huku huku mbele ya watu. Na ukifika mapema, nitakupeleka zahanati uione ramani kwa macho yako. Bi Pindo yumo, na uani kwake pamo, na majirani zake wote wamo. Nimetafuta, kaka. Hakuna palipobaki peupe.

Nisalimie sana wifi, mwambie siri imetoka na yuko salama. Wabusu watoto, na mgongo wako uupumzishe kweli safari hii. Nakuombea afya na kazi nyingi.

Ni mimi mdogo wako, uliyenilea ukaniita,

Kimbelembele