Mwimbo wenye kuishia ku gare

Mujukulu yangu Trésor, weye wa Mbuji-Mayi,

Tuko bazima hapa Likasi. Nkambo yako mwanamuke anakusalimia. Miguu inamuuma, lakini ku misa anaendaka.

Uliniuliza juu ya nini naachaka mwimbo ule katikati. Sikiya basi.

Ujana yangu yote ilikuwa orkestre moya ya Kikula, kartie yetu hapa Likasi. Soliste yao, Kalonji, mwenye niliitaka Yaya, kaka mukubwa, njo alinifundisha gitare, na nyuzi za freni ya velo, ya baiskeli, juu nyuzi za gitare hazikukuwa. Siku moya nikaenda kwake: mulango wazi, bantu bengine banakaa mule! Nikakimbia ku gare.

Mungu wangu! Orkestre yote ilikuwa chini, na bibi na batoto, banangoja treni ya upande wa huko Mbuji-Mayi.

"Yaya, munaenda kupiga wapi?"

"Banasema hatuko ba hapa. Turudi kwetu."

"Kwenu wapi? Ulizaliwa Kikula!"

"Na miye njo najiuliza."

Benye kubafukuza nilikuwa nabajua: kila siku ya posho tulicheza nabo miimbo ile ile.

Akachukua gitare. "Kuya, nikufundishe ule mwimbo mupya." Tulifika katikati, treni ikalia. Akaniachia gitare mu mikono, akapanda. Mwisho ya mwimbo ilipanda naye.

Trésor, kama huko unasikia muzee anaupiga mpaka mwisho, usimuulize kwao ni wapi. Umuambie tu gitare yake ingali kwao.

Nkambo yako