Kitabu cha Kanuni cha Chumba Namba 14

Nyumba za Wafanyakazi,
S.L.P. 418,
Ukunda, Kwale.

Jumapili, 20 Juni 1999

Mpendwa Dada Kamene,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Gaborone, wewe na shemeji Tobias na Ashley, na zamu za usiku wodini zisiwe zimekuchosha kama mwaka jana. Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Masika ilitunyeshea mpaka tukaiomba ipumzike, na sasa jua limerudi.

Mama hajambo kule Shimba Hills. Goti bado linamsumbua asubuhi, lakini ukimwambia aweke jembe chini anakuuliza kama mwaka huu mtakula maneno. Mwezi jana ndovu walipita kwenye mahindi ya jirani yetu Munyoki wakayaacha yetu. Mama anasema ni maombi. Munyoki anasema ni pilipili tulizopanda mpakani. Mimi nimewaachia wenyewe.

Uliniuliza kama bado napoteza pesa kwa vitabu vya mchezo. Dada, sipotezi, natumia, tena kidogo sana. Kwa kuwa hujapata kuuona mchezo wenyewe, nikueleze. Watu hukaa mezani, mmoja husimulia safari, na kila mwingine huwa mtu ndani ya safari hiyo, askari au mganga au mwizi, akasema atakalofanya. Bahati ndiyo huamua kama atafaulu. Wenye uwezo wana dadu za pembe nyingi. Sisi tuna vizibo ishirini vya soda vilivyoandikwa namba, ndani ya mkebe wa mafuta ya Kimbo. Tunacheza Jumapili nikitoka kanisani na Chome akishaswali adhuhuri: mimi, huyo Chome mwenzangu wa dobi hapa hotelini, na Dolphine wa mapokezi.

Vitabu vipya sijui bei yake na sitaki kuijua. Mimi nina njia mbili. Hapa Ukunda yuko Mangi, anauza karatasi kuukuu kwa kilo kwa wauza njugu. Nikiona jarida la mchezo humo, nalichomeka katikati ya magazeti nisionekane nalitaka, na mzani unalipima kama karatasi nyingine. Njia ya pili ni mnada wa hoteli. Kitu alichosahau mgeni hukaa kabatini miezi mitatu, na kisipodaiwa huuzwa kwa wafanyakazi. Wenzangu hugombania viatu na redio. Kitabu cha mazimwi hakina mgombea, kwa hiyo nanyamaza mpaka msimamizi achoke, ndipo nitaje bei. Niite mkono wa birika ukipenda, lakini ninavyo kumi na tisa.

Ila kimoja tulikikosa siku zote, nacho ndicho kikubwa: kitabu cha kanuni. Miaka minne tumecheza kwa kuokoteza kanuni majaridani. Na jarida lililoeleza linalompata mtu akiangushwa vitani lilikuwa limenyofolewa kurasa, nadhani zilishafunga njugu za mtu. Pengo hilo alilijaza Chome, mwaka ule wa vurugu, watu wa bara tulipofukuzwa huku Pwani, tukawa tunafungasha na kukimbia. Mimi na mke wangu Kanyiva tulikaa siku kumi na moja nyumbani kwa mama yake Chome kule Gazi, hatutoki nje, na mchezo ndio uliotupitishia saa. Chome akasema aliyeanguka habaki nyuma. Wenzake humbeba, kila mmoja humgawia sehemu ya nguvu zake, na safari haiendelei mpaka asimame. Tangu hapo ndivyo tunavyocheza.

Basi mwishoni mwa Machi mgeni alisahau kitabu hicho chenyewe cha kanuni chini ya kitanda, chumba namba 14. Kabati la vitu vilivyosahauliwa liko kwetu dobi, na ufunguo ninao mimi. Mnada ni tarehe 30 mwezi huu. Dada, nilihesabu siku hizo kama mtoto angojaye Krismasi.

Zilipobaki wiki tatu, Dolphine akanijia na barua. Mwenye kitabu, kijana wa Uholanzi, alikuwa anakidai, na aliomba radhi kwa usumbufu. Dolphine akaiweka juu ya shuka nilizokuwa nakunja.

"Hii haijaingia kwa rejista," akaniambia. "Ukisema haikufika, haikufika."

Wewe ndiwe uliyenilea, kwa hiyo sikufichi. Nilikaa na barua ile mfukoni siku tatu, na nilikusudia kuichoma. Kanyiva aliiona akifua suruali yangu. Aliianika tu kwenye kamba pamoja na soksi, na aibu niliyoiona siku hiyo naijua mwenyewe.

Nikatafuta njia ya katikati, kama kawaida ya bahili. Jumapili iliyopita nilikitoa kitabu kabatini ili tunakili kanuni zote daftarini, kisha kirudi kwa mwenyewe. Najua hata hilo halikuwa haki. Nilianza na ukurasa ule tulioukosa, nikausoma kwa sauti. Unasema nguvu za mtu zikiisha, amekufa. Wenzake waweza kugawana vyombo vyake na kuendelea na safari, na mchezaji ajitungie mtu mwingine.

Hakuna aliyeandika kitu. Chome alikichukua kitabu, akautazama ukurasa ule, akakifunga.

"Mrudishie mwenyewe, Kisilu," akasema. "Kwa kitabu hichi, mwaka ule ningekuacha njiani, na viatu vyako ningevivaa."

Dolphine akafunga daftari. Jumatatu barua iliingia kwenye rejista na kitabu kikaenda posta. Stempu zimelipwa na hoteli, usiogope. Nilitoka pale mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kununua sikuona nimepunjwa.

Nisalimie sana shemeji Tobias, na mwambie Ashley mkaza mjomba wake Kanyiva anamsukia kikapu cha shule. Mama anakusalimu na kukuombea. Munyoki naye anasalimu, pamoja na mahindi yake yaliyosalia.

Leo tumecheza. Mtu wangu ameanguka mapema kwa kizibo namba moja, kibaya kuliko vyote, na Chome amembeba mpaka jioni, akinung'unika kwamba ni mzito.

Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akurudishe kwetu salama.

Ni mimi mdogo wako akupendaye sana,
Kisilu