Kosa la Mshono

Jumatatu, 2 Mei 1983
Labo ya hospitali kama kawaida. Malaria, malaria, minyoo, malaria. Kisha kioo chenye damu ya Mama Furaha, fundi cherehani wa mtaa wa Mabanga. Chembe nyeupe zimejaa hadi zinasukumana. Daktari ameandika: bandama kubwa, malaria. Nimehesabu mara tatu. Si malaria, ni saratani ya damu. Nilipomwambia daktari, alicheka, akainamia hadubini, akaacha kucheka. Nilifurahi. Kisha nikaona aibu kufurahia.

Jumatano, 4 Mei
Mama Furaha ameanza vidonge. Damu yake nyingine imepanda ndege na mtawa anayerudi Ubelgiji. Huko watatazama kromosomu, nyuzi zinazobeba urithi ndani ya chembe.

Mdomo wangu huu! Nilitamka "ugonjwa wa damu" mbele ya mkwe wao, muzee wa Masisi ambaye mwanawe atamwoa Furaha, binti wa mgonjwa, mwezi wa Agosti. Yeye amesikia ugonjwa wa ukoo.

Jumapili, 8 Mei
Muzee amekuja kuvunja uchumba. "Hatuwezi kuoa mu damu mubaya." Furaha hali chakula. Heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Nimemwomba muzee asubiri barua ya Ubelgiji. Amenipa mwezi. Naogopa. Je, barua ikithibitisha maneno yake?

Ijumaa, 3 Juni
Barua! Sikukosea. Kromosomu ya tisa na ya ishirini na mbili zimekatika, zikabadilishana ncha. Kasoro imezuka ukubwani, katika chembe za damu tu. Hakuzaliwa nayo. Hawezi kumrithisha mtoto. Nimeisoma nikiwa nimesimama, mara nne. Mimi, wa labo ya Goma!

Jumapili, 5 Juni
Nilimweleza muzee, nikazama katika Kifaransa. Mama Furaha akaninyamazisha. Akachukua vitenge viwili, akakata ncha, akashona ya huku kule na ya kule huku. "Papa, vilitoka dukani vizima. Mushono ulikosewa hapa, mu nguo hii tu. Ya Furaha ni nguo ingine."
Muzee alivigeuzageuza muda mrefu.
"Kumbe kosa iko ya mushono, haiko ya kitambaa."
Harusi ipo. Fundi amenishinda kueleza kazi yangu mwenyewe, nami najivuna kwa ajili yake.

Jumamosi, 6 Agosti
Wameoana. Vidonge vimepunguza bandama ya Mama Furaha, havitamponya. Anajua, nilimwambia mwenyewe, kwa maneno niliyoyapima. Leo amecheza nyimbo mbili, akaketi. Akaniita mbele ya wakwe: "Huyu ndiyo alisomaka damu yangu." Muzee alikuwa wa kwanza kunipa mkono. Nilikula vizuri. Nikarudi nyumbani Murara kwa miguu, polepole.