Mikono ya Baba

Magomeni, Kilosa
Agosti 1951

Kwa Kaka yangu Kibwana,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wenzako mnaochonga barabara huko Mikumi, na kwamba simba wanawaachia walau usingizi. Sisi huku miili haijambo. Roho yangu ndiyo imechafuka, na nisipoitapika humu nitaugua.

Baba anakula, anaswali, anasokota kamba za mkonge kama zamani; vidole havijasahau hata fundo moja. Lakini unajua tangu lile toroli la mkonge limgonge kichwani, jambo jipya halikai. Daktari alinieleza, dresa wake Bwana Melkizedek, yule mfunga vidonda, akitafsiri, kwamba ndani ya ubongo kuna mahali panapopokea habari mpya na kuzipeleka zikahifadhiwe. Kwa Baba hapo pameumia. Ya zamani anayo yote, hata rangi ya mbuzi aliowatoa mahari ya Mama. Ya asubuhi, adhuhuri hayapo. Ndiyo maana siku tuliyomzika Mama alilia nawe kaburini, mliporudi nyumbani akauliza mbona Mama hajapika.

Sasa sikia uchafu. Baba hushinda barazani pale dukani, kwenye bao. Makarius, yule mtani wetu wa Kinyamwezi, aliligeuza hilo kuwa mchezo. Akitokea mgeni, Makarius humpa Baba mkono, kisha humwambia kwamba anacheza bao na huku mkewe kafa. Baba huvua kofia, huanguka, hulia kilio kile kile cha siku ya kwanza, kamasi na vumbi mdomoni. Makarius na wacheza bao wanashika mbavu kwa kucheka. Kahawa haijapoa, Baba keshasahau, anajifuta uso akishangaa kwa nini umelowa. Na kesho tena. Ptuu! Siku niliyoshuhudia kwa macho yangu nilitapika kando ya duka, uji wote.

Nilimfuata Makarius nikamwambia kwamba ananuka. Akanijibu kwamba kwenye utani hakuna kununa, na kwamba yeye ndiye aliyechimba kaburi la Mama kwa mikono yake. Wazee nao wakasema mtani hashitakiwi. Lo, kaka, busara nyingine bora iozee kinywani mwa mwenyewe!

Kisha siku moja Makarius alinyoosha mkono, Baba akaficha yake mgongoni. Alipoulizwa kuna nini, akasema hajui; huyu ni mtani wake wa siku nyingi, ila mwili haumtaki. Kesho yake vivyo hivyo. Bwana Melkizedek akanieleza kwamba hofu ina mahali pake kichwani, mbali na pale palipoumia. Habari inapotea, uchungu unabaki, na mwenyewe hajui umetoka wapi. Nilikwenda kumwambia Makarius maneno hayo mbele za watu. Aliinama, na tangu hapo hajarudia. Nami nilitamba mtaa mzima kwamba mwili wa mzee umemjua adui yake.

Kaka, Ijumaa nilimpelekea Baba uji. Nikamwamkia, nikanyoosha mkono. Akaficha mikono mgongoni.

Mimi! Nikadhani nimeona vibaya, nikanyoosha tena. Akaniomba nimsamehe, mwanawe, hajui leo ana nini. Jirani yetu Yunis alipoingia, alimpa mkono vizuri na uji akaupokea kwake.

Nilikaa jikoni nikiwaza. Kila asubuhi Baba huniuliza Mama yuko wapi. Na kila asubuhi mimi huketi mkekani, humshika mikono yote miwili, humwambia kwa adabu kwamba Mama amefariki. Nilisema sitamdanganya mzazi wangu. Makarius nilimwona mchafu, mimi mwana mwema. Kumbe Makarius alimfisha Mama alipopata mgeni tu. Mimi nilimfisha kila siku, kabla Baba hajanywa uji. Nikiitazama mikono yangu, naionea kinyaa.

Nakusihi uombe ruhusa uje. Habari ile hajawahi kuisikia kinywani mwako, mkono wako hatauogopa. Akikuuliza, mwambie Mama amekwenda Lumuma kwa dada yake kuvuna maharage. Mungu atatusamehe. Usipokuja, baba yetu atakufa akilishwa na majirani, na watoto wake tuko hai.

Wasalimie wenzako wote. Yunis anakusalimu. Makarius pia anakusalimu, na salamu yake nimeipokea, maana sina tena uso wa kuikataa.

Baba naye anakusalimu sana. Leo asubuhi aliponiuliza, nilimwambia Mama yuko Lumuma. Alicheka kwa furaha, akasema atamngojea, na asisahau kumletea maharage mekundu. Lakini mikono hakuitoa.

Mdogo wako,
Mwanvua binti Mwinshehe