Kidole cha Mama Krispina

Sumbawanga, Jumanne

Dada Tusajigwe,

Shikamoo. Daktari wa hapa ameniambia leo asubuhi kwamba alama za kidoleni mwangu zimepona, na kwamba kupona huko si kitu cha kutegemea. Sindano zinaendelea, moja kila siku, tumboni. Mama usimsomee haya. Mwambie nakula vizuri. Mguu wake unaendeleaje? Na ninyi huko Tukuyu, wazima?

Wiki iliyopita kazi yangu ya kuandika habari za vijiji vipya ilinipeleka ng'ambo ya Kasense. Watu wamehamia juzijuzi, nyumba nyingi hazijaisha, kwa hiyo mgeni hulazwa chumba cha kuwekea mahindi, chini ya paa la nyasi tupu. Mwenyeji wangu alikuwa Mama Krispina, mjane mwenye maneno. Nilipoamka, popo alikuwa juu ya blanketi, anajikokota, hawezi kuruka. Kidoleni nilikuta nukta mbili, kama umechomwa na sindano ya kushonea. Haziumi, hazitoi damu. Ningesema ni mwiba.

Mama Krispina akaingia. Aliona aibu mgeni kukuta kitu kile kitandani. Akamkamata kwa mkono mtupu, akamtupa motoni, akaniomba radhi. Nilimwona akinyonya kidole gumba. Niliandika hilo daftarini, sikumwuliza.

Niliporudi mjini, daktari alianza kwa kuniosha kidole kwa sabuni na maji mengi, jambo ambalo nilipaswa kulifanya palepale. Akauliza popo yuko wapi. Nikamjibu amechomwa, kwa heshima yangu. Akasema ugonjwa wa kichaa cha mbwa anaujua kwa mbwa. Kuhusu popo hawezi kuniapia, ila popo mzima hajikokoti juu ya mtu. Sasa hakuna cha kupima. Kisha akauliza: "Nani mwingine alimshika?"

Dada, unamkumbuka baba mdogo. Jeraha la mbwa lilifunga, akarudi shambani, wiki zikapita. Halafu mahali pale pakaanza kumwasha, ikaja homa, kisha kikombe cha maji kikamtia hofu. Daktari anasema ikifika hapo dawa hakuna. Kila asubuhi nakunywa maji huku nikilisikiliza koo langu. Nakaa kuandika, nainuka, nakaa tena.

Nilimtumia Mama Krispina ujumbe kupitia balozi wake wa nyumba kumi, aje naye achomwe sindano. Jana balozi alileta jibu mwenyewe. Mama Krispina atakuja wakimaliza kuvuna ulezi wa kijiji, maana asiyeonekana shambani husemwa. Na alimtuma aniambie hivi: "Popo yule nilikwisha kumchoma. Mgeni wangu asimwogope marehemu."

Balozi alicheka, nami nikacheka. Kisha nikamwuliza kidole cha mama kikoje.

"Ah, kile kimepona kabisa," akasema.

Leo nimemwomba daktari barua kwa mwenyekiti wa kijiji, ili mama aondoke shambani bila kusemwa. Ameiandika, ninayo mfukoni.

Nisalimie shemeji na kwaya yake, na shangazi mkunga. Mwambie sabuni aliyonipa ndiyo daktari aliyoniosha nayo.

Lori la mbolea linakwenda kijijini kule Alhamisi saa moja asubuhi na kurudi siku hiyohiyo. Nimeomba nafasi moja ya kwenda na mbili za kurudi. Daktari atatungoja sote wawili saa kumi jioni.

Mdogo wako,
Ambakisye